Kitabu Kimerudi, Deni Limebaki: Somo la Hifadhidata na Ujenzi wa Programu



Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeitia kwenye insha tangu shule ya msingi, lakini wengi wetu chamani hatukujua ukali wake hadi muhula wa tatu, wakati wa kidato cha nne kuondoka. Sisi daftari tulikuwa nalo. Tena halikuwa la karatasi. Lilikuwa la tarakilishi, na tulilitengeneza kwa mikono yetu wenyewe ili kusaidia maktaba ya shule.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alikwenda maktabani ili fomu yake ya kuondoka itiwe sahihi. Tarakilishi ikaonyesha kuwa ana vitabu vitatu.

"Haki ya Mungu nilirudisha vyote!" akasema.

"Kijana, mashine haidanganyi," msimamizi akamjibu. "Lete vitabu ama ulete pesa."

Siku iliyofuata kijana alikuja na mama yake, ambaye huuza mboga sokoni. Mama hakubishana na mtu. Aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, na rafuni mmeangalia?" Tukaangalia. Vitabu vyote vitatu vilikuwa pale vimepangwa vizuri, namba zake ni zile zile zilizokuwa kwenye orodha ya madeni. Lo! Sisi tulioandika programu tulitamani ardhi ipasuke itumeze.

Makala haya ni somo tulilolipata baada ya aibu hiyo. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu kuna wenzetu wanaodai ati Kiswahili hakiwezi kueleza kazi ya tarakilishi. Hebu tuone.

I. MANENO TUTAKAYOYATUMIA

Hifadhidata ni mahali ambapo data hutunzwa kwa utaratibu ili zipatikane tena. Hifadhidata nyingi huweka data katika majedwali. Mpango huu ulielezwa mwaka wa 1970 na Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Sisi tulitumia hifadhidata ndogo iitwayo H2.

Sehemu ya nyuma ya programu ni ile ambayo mtumiaji haioni. Mtumiaji huona ukurasa na vitufe. Sehemu ya nyuma ndiyo hupokea ombi, hufanya hesabu na kuzungumza na hifadhidata. Ya kwetu iliandikwa kwa lugha ya Java, kwa msaada wa mfumo uitwao Spring Boot.

Hibernate ni mkalimani. Java haijui majedwali, na majedwali hayaijui Java. Hibernate, ambayo ilianzishwa na Gavin King mwaka wa 2001, husimama katikati na kutafsiri.

Maven ni fundi mjenzi. Husoma faili iitwayo pom.xml, huleta vifaa vinavyohitajika kutoka kwenye intaneti, hugeuza msimbo wetu uwe kitu ambacho tarakilishi yaweza kuendesha, kisha hukifunga katika faili moja ya aina ya jar.

Muamala ni kazi ambayo ama hukamilika yote ama haifanyiki kabisa. Mwenye duka anayeandika deni kwenye kiganja cha mkono bado hajaandika. Akinawa tu, deni limekwenda. Akilihamishia kwenye daftari, ndipo muamala umefungwa. Mwaka wa 1983 wataalamu wawili, Theo Härder na Andreas Reuter, walizitaja pamoja sifa nne za muamala mwema: ufanyike wote au usifanyike, uache data zikiwa zimefuata kanuni, usivurugwe na muamala mwingine, na ukishafungwa udumu hata umeme ukipotea. Sifa hiyo ya nne ndiyo iliyotutoa jasho.

II. DATA ZINAZOTOWEKA USIKU

Taabu zetu zilianza mapema, muhula wa kwanza. Tulishinda mchana kutwa tukiingiza majina ya vitabu. Asubuhi tulipowasha tarakilishi, orodha ilikuwa tupu.

Katika faili ya mipangilio tulikuwa tumeandika anwani hii ya hifadhidata:

jdbc:h2:mem:maktaba

Zile herufi "mem" huiambia H2 iweke kila kitu katika kumbukumbu ya muda. Mfano wake ni ubao wa darasani: kila kitu kinaonekana vizuri mpaka kipindi kiishe na mtu apite na kifutio. Tukabadilisha hivi:

jdbc:h2:file:./data/maktaba

Sasa data zikawekwa kwenye diski, katika faili iitwayo maktaba.mv.db. Tukashangilia, tukazima, tukawasha. Tupu tena!

Kumbe kulikuwa na mstari mwingine ambao tulikuwa tumeunakili kutoka kwenye mfano wa mafunzo bila kuuelewa:

spring.jpa.hibernate.ddl-auto=create-drop

Mstari huu humwagiza mkalimani atengeneze majedwali mapya programu inapoanza, na ayabomoe programu inapozimwa. Kwa majaribio unafaa sana. Kwa maktaba ya shule, ni sawa na kumwajiri karani anayechoma daftari kila jioni. Msomaji azijue namna hizi tano:

(a) "create" hubomoa majedwali ya zamani na kujenga mapya kila programu inapoanza.
(b) "create-drop" hufanya hivyo, kisha hubomoa tena inapozimwa.
(c) "update" huongeza majedwali na safu zinazokosekana, na huacha data zilizopo.
(d) "validate" hukagua tu kama majedwali yanalingana na msimbo. Yasipolingana, programu hukataa kuanza.
(e) "none" haifanyi lolote.

Tulichagua "update", lakini nayo ina mtego. Ukibadilisha jina la safu, mathalani kutoka "jina" kuwa "jinaKamili", Hibernate haijui kuwa ni kitu kile kile. Itaongeza safu mpya iliyo tupu, na ile ya zamani itabaki na data zake. Utapiga kelele kuwa data zimepotea, kumbe zimekaa jirani. Kwa sababu hiyo, katika kazi kubwa mafundi hutumia Flyway au Liquibase, ambazo huweka mabadiliko ya majedwali katika faili zilizopangwa kwa mfuatano.

Mtego wa mwisho ulikuwa ile nukta iliyo mwanzoni mwa "./data". Nukta hiyo ina maana ya "folda niliyosimama sasa hivi". Siku moja mwenzetu aliendesha programu akiwa katika folda nyingine. H2 haikuona faili, basi ikatengeneza mpya kimyakimya. Data zetu hazikuwa zimefutika. Ni sisi tulioingia nyumba isiyo yetu. Tangu siku hiyo tumeandika njia nzima ya folda, kuanzia kwenye mzizi wa diski.

III. MAREJESHO YASIYOANDIKWA

Tulidhani tumemaliza. Vitabu vilibaki, mikopo ilibaki. Hakuna aliyeangalia orodha ya madeni mpaka kidato cha nne walipokuja na fomu zao.

Baada ya mama yule kutufumbua macho, tuliichunguza orodha nzima. Tukakuta ajabu: nakala moja ya kamusi ilionekana imeazimwa na wanafunzi watatu kwa wakati mmoja! Kitabu kimoja hakiwezi kuwa mikononi mwa watu watatu walio mabweni tofauti. Ushahidi ulikuwa mbele yetu miezi yote hiyo. Kuazima kulikuwa kukiandikwa. Kurudisha hakukuandikwa hata mara moja. Na hali kila mwanafunzi aliporudisha kitabu, ukurasa ulisema, "Asante, kitabu kimepokelewa."

Tuliongeza mstari huu katika mipangilio ili tusikie mkalimani anasema nini na hifadhidata:

spring.jpa.show-sql=true

Tukaazima kitabu. Kukatokea amri ya "insert", yaani kuingiza. Tukakirudisha. Kukatokea "select", yaani kusoma, kisha kimya. Amri ya "update", ile ya kubadilisha kilichoandikwa, haikuonekana. Hapo tukajua kosa haliko kwenye diski wala kwenye hifadhidata. Hifadhidata haikuambiwa kitu.

Sababu ni hii. Katika kuazima tulikuwa tumeita njia ya "save", ambayo hufungua muamala wake yenyewe na kuufunga. Katika kurudisha, tulisoma rekodi, tukaibadilisha ndani ya Java iseme "kimerudi", tukaishia hapo. Tulikuwa tumesikia kuwa Hibernate hutambua mabadiliko yenyewe bila kuambiwa. Ni kweli, lakini hufanya hivyo muamala unapofungwa. Sisi hatukuwa tumefungua muamala wowote. Tuliandika kwenye kiganja, tukanawa mikono.

Dawa yake ni kuweka alama ya @Transactional juu ya njia ya kurudisha kitabu. Tukaiweka. Tukajaribu. Bado hakuna "update"!

Nitarudi kueleza kwa nini jaribio hilo la kwanza lilitupotezea siku nzima. Kwanza nimalize sababu ya msimbo wenyewe. Spring huweka bawabu mbele ya darasa lenye alama hiyo. Mtu akipita langoni, bawabu hufungua muamala, akitoka, huufunga. Lakini sisi tulikuwa tumeita njia yenye alama kutoka kwenye njia nyingine isiyo na alama, iliyomo ndani ya darasa lile lile. Anayetoka sebuleni kwenda jikoni hapiti langoni, na bawabu hana habari naye. Tuliihamisha alama ikawa kwenye njia ya nje, ile inayoitwa kutoka darasa jingine. Mara "update" ikatokea kwenye skrini. Katibu wetu alipiga kelele mpaka msimamizi wa maktaba akamtoa nje.

Kuna sababu nyingine mbili za kosa kama hili ambazo yafaa msomaji azijue. Moja ni kudaka kosa na kulinyamazisha: msimbo unaodaka kosa kisha hauandiki chochote ni kama mgonjwa anayemficha daktari maradhi. Ya pili ni kwamba Spring, usipoiagiza vingine, hutangua muamala kwa makosa yasiyolazimu kutangazwa katika Java. Yale yanayolazimu kutangazwa hayautangui, na muamala huweza kufungwa ukiwa nusu nusu.

IV. FUNDI ANAPIGA KELELE, NANI ANASOMA?

Sasa ile siku iliyopotea. Tulipoweka alama kwa mara ya kwanza, tulijenga programu kwenye tarakilishi ya kupakata ya mwenzetu, tukabeba ile jar hadi maktabani. Hakuna kilichobadilika, hata tulipoihamisha alama mara nne. Mwishowe mwenzetu mmoja wa kidato cha pili, ambaye tulikuwa tumemwambia akae kando asitusumbue, akauliza, "Sasa hayo maandishi mekundu ni ya nini?"

Yalikuwa yanasema BUILD FAILURE. Ujenzi ulikuwa umeshindikana kila mara. Maven haikuunda jar mpya. Ile iliyokuwa katika folda ya "target" ilikuwa ya juma lililopita. Tulikuwa tukibeba maiti tukidhani ni mtu mzima. Tangu hapo hujenga kwa amri ya "mvn clean package". Neno "clean" hufuta folda ya "target" kwanza, na ujenzi ukishindikana hakuna cha kubeba.

Na kwa nini ulishindikana? Mmoja wetu, kwa nia njema, alikuwa amebadilisha toleo la Spring Boot katika pom.xml kutoka 2 hadi 3, na toleo la Java kutoka 11 hadi 17. Fundi akalalamika kuwa kifurushi cha javax.persistence hakipo. Habari yake ni hivi. Mwaka wa 2017 kampuni ya Oracle ilitangaza kuukabidhi mfumo wa Java EE kwa taasisi ya Eclipse Foundation. Jina la Java lilibaki kuwa mali ya Oracle, kwa hivyo mfumo ukaitwa Jakarta EE. Katika toleo la 9, mwaka wa 2020, majina ya vifurushi vyake yakageuzwa kutoka javax kuwa jakarta. Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022, hufuata majina mapya na hudai Java 17 au zaidi. Anayehama sharti abadilishe javax.persistence iwe jakarta.persistence. Lakini asifute kila javax anayoiona, maana javax.sql ni ya Java yenyewe na haikubadilika.

Tulishauriana tukaamua kurudi toleo la 2 kwa muda. Mshika mawili moja humponyoka: ukiwa unasaka kosa, usibadilishe matoleo wakati huo huo. Tena H2 nayo ina matoleo yake. Faili iliyoandikwa na H2 1.4.200 haifunguki moja kwa moja katika H2 toleo la 2; ni lazima data zitolewe kwanza kama maandishi ya SQL kwa toleo la zamani, kisha ziingizwe upya kwa jipya. Kuhama tumekupangia likizo, baada ya kuweka nakala ya akiba.

Tuliporudisha toleo la 2 tulisahau kurudisha ule mstari wa Java 17. Ujenzi ukafaulu, lakini tarakilishi ya maktaba, yenye Java 11, ikakataa kuendesha. Ikataja namba mbili: 61.0 na 55.0. Hesabu yake ni rahisi: toa 44. Namba 61 ni Java 17, na 55 ni Java 11. Maana yake, "Mmeniletea kitu cha Java 17 na mimi naelewa mwisho 11." Tukasahihisha mstari, ikakubali. Amri ya "mvn -v" huonyesha fundi wako anatumia Java gani, usibahatishe.

Jambo la mwisho kuhusu Maven ni intaneti. Shuleni kwetu bando huisha katikati ya kazi. Maven ikishindwa kuleta kifaa, hukumbuka kushindwa huko na hukataa kujaribu tena mpaka muda fulani upite, hata kama mtandao umerudi. Ongeza "-U" kwenye amri ili ilazimike kujaribu upya. Vifaa vilivyokwisha kupatikana hukaa katika folda iitwayo .m2, na kama vyote viko, waweza kujenga bila intaneti kwa kuongeza "-o".

V. KUSAFISHA DAFTARI

Kurekebisha msimbo hakurekebishi data zilizokwisha kuharibika. Hili wengi hulisahau. Programu mpya isingejua nani alirudisha nini miezi iliyopita.

Kwanza tulizima programu na kunakili ile faili ya hifadhidata kwenye diski nyingine. Kisha tulihesabu rafu zote, kitabu kwa kitabu. Kilichopatikana rafuni kikaandikwa kimerudi. Kisichokuwa rafuni na chenye majina kadhaa, tuliliacha jina la mwisho peke yake, tukamwita mwenyewe na kumuuliza kwa adabu. Wote waliokuwa wametakiwa pesa kimakosa waliitwa wakaombwa radhi, na fomu zikatiwa sahihi. Mwalimu mlezi alitutaka tumwandikie mama yule barua. Tukaiandika kwa mkono, si kwa tarakilishi.

VI. HATUA ZA KUFUATA

Msomaji ukipatwa na jambo kama hili, fuata mpango huu:

1. Tazama kitu chenyewe kwanza. Kama ni kitabu, nenda rafuni.
2. Soma ujumbe wa fundi mpaka mwisho. Je, umejenga kweli?
3. Hakikisha unachoendesha ni kile ulichojenga. Angalia saa na tarehe ya jar.
4. Soma anwani ya hifadhidata. Ni kumbukumbu ya muda au diski? Diski ya folda gani?
5. Soma mstari wa ddl-auto.
6. Washa maonyesho ya SQL, uone kama amri ya kuandika inatoka.
7. Kama haitoki, uliza: muamala uko wapi, na nani anaufungua?
8. Zima programu, iwashe tena, kisha soma data upya. Usiuamini ukurasa unaosema asante.
9. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

"Mashine haidanganyi," alisema msimamizi wetu. Labda. Lakini husema tu kile ilichoandikiwa, na walioiandikia ni binadamu wenye usingizi wa saa tatu za usiku. Kati ya mashine na kijana anayeapa, msikilize kijana kwanza, angalau mpaka umeangalia rafuni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya anwani yenye "mem" na yenye "file" ukitumia mfano wako mwenyewe.
2. Kwa nini kuazima kuliandikwa na kurudisha hakukuandikwa, na hali kote ni hifadhidata ile ile?
3. Tarakilishi imekataa programu ikitaja 65.0 na 61.0. Programu ilijengwa kwa Java gani, na tarakilishi ina ipi?
4. Mwenzako amebadilisha jina la safu huku akitumia "update". Data zake ziko wapi?
5. Katika mkasa huu, ni ishara gani ingewaonya wanachama miezi mingi kabla? Andika kanuni moja ambayo ungeiongeza katika programu ili ishara hiyo isipite tena bila kuonekana.